Janet Jackson: Mwanamke Aliyerudi Kuuhoji Ushindi Wake

Sifa ya kwamba mwimbaji amekua hutolewa bure siku hizi. Akibadili nywele, amekua. Akiachana na mume na kutoa nyimbo za majonzi, amekua. Akianza kuvaa nguo ambazo mwaka juzi asingethubutu kuzivaa, napo tunaambiwa amekua. Yote hayo yanaweza kutokea bila mtu kusogea hata hatua moja nafsini mwake, na kampuni za muziki zinalijua hilo, ndiyo maana kila albamu mpya hutangazwa kuwa ndiyo inayomwonyesha msanii jinsi alivyo kweli. Mimi napendekeza kipimo kigumu zaidi. Msanii amekua pale anapolirudia jambo lililompa sifa zamani, akaligeuza na kulitazama upande wa pili, kisha akasema mbele ya watu kwamba halikuwa kweli yote. Kulirudia kosa kwa namna hiyo ni kazi nzito. Kuurudia ushindi ni kazi nzito maradufu, kwa sababu mashabiki walikuja kwa ajili ya ushindi huo. Katika muziki wa pop wa Marekani sijui mfano ulio wazi kuliko Janet Jackson, na ushahidi wake umo katika albamu tano: Control ya 1986, Rhythm Nation 1814 ya 1989, janet. ya 1993, The Velvet Rope ya 1997 na Unbreakable ya 2015.

Janet alizaliwa tarehe 16 Mei 1966 mjini Gary, jimbo la Indiana, akiwa kitinda mimba wa familia ya Jackson. Hata umri wa kwenda shule alikuwa hajaufikia wakati kaka zake, Jackson 5, walipoanza kuitikisa Marekani. Baba yao, Joe Jackson, alikuwa meneja, mwalimu na hakimu wa nyumba nzima, na Janet amesimulia kwamba alitakiwa amwite Joseph, siyo baba. Mwaka 1974, akiwa na miaka 7, alipandishwa jukwaani Las Vegas katika onyesho la familia. Mwaka 1977 akaingia katika tamthilia ya televisheni ya Good Times, akiigiza nafasi ya Penny, mtoto anayeteswa na mama yake mzazi. Ni huko alikoambiwa kwamba ni mnene na apunguze mwili, naye hajafikisha hata miaka 12. Jeraha hilo amelieleza mwenyewe katika kitabu chake True You cha 2011. Kisha zikaja albamu mbili za ujana wake, ya 1982 na Dream Street ya 1984, zote chini ya mkono wa baba. Ya kwanza iliishia nafasi ya 63 katika chati ya albamu ya Billboard, ya pili nafasi ya 147. Sauti ni yake, picha ni yake, lakini hakuna mahali unapoweza kunyooshea kidole na kusema hapa kuna jambo ambalo msichana huyu alitaka kulisema. Mwaka huohuo wa 1984 alitoroka nyumbani akaolewa na mwimbaji James DeBarge, na ndoa ikabatilishwa mwaka uliofuata.

Hapo ndipo hadithi ya Control inapoanzia. John McClain wa kampuni ya A&M alimkutanisha na watayarishaji wawili wa muziki, Jimmy Jam na Terry Lewis, ambao Prince alikuwa amewatimua katika kundi la The Time. Wao wakaweka sharti: binti aje Minneapolis, mji wao, mbali na Los Angeles na mbali na msafara wa familia. Jam amesimulia mara nyingi kwamba siku za mwanzo hawakurekodi chochote. Walimzungusha mjini, wakala pamoja, wakaongea. Janet alipouliza kazi itaanza lini, wakamwonyesha mistari waliyokuwa wameshaanza kuiandika kutokana na maongezi yaleyale. Kwake yeye, aliyezoea kukabidhiwa nyimbo zilizokwisha tungwa, lilikuwa jambo geni kwamba mambo anayoyasema mezani yanaweza kuwa wimbo. Wakati huohuo alimwondoa baba yake katika umeneja. Albamu ilitoka Februari 1986, akiwa na miaka 19, ikapanda hadi nafasi ya kwanza na kuuza zaidi ya nakala milioni 5 Marekani peke yake.

Tuutazame wimbo mmoja kwa karibu. Nasty ulitokana na kisa alichokieleza Janet mwenyewe: huko Minneapolis, nje ya hoteli alikofikia, wanaume walianza kumsumbua kwa maneno machafu, naye badala ya kukimbilia kwa Jam na Lewis akawageukia na kuwajibu. Wimbo umejengwa kama kisa kile. Mdundo ni mkavu, ngoma za mashine zinagonga kama mlango unaopigwa kwa hasira, na sauti yake, ambayo kwa asili ni nyembamba na laini, haijaribu kuwa nene. Anabaki na sauti yake ndogo, ila anakata maneno. Huo ni uamuzi wa kisanii wa maana sana. Mwimbaji mwingine angepaza sauti ili aonekane na nguvu. Janet alionyesha kwamba sauti ndogo nayo inaweza kuamuru. Mpangilio huohuo umo katika What Have You Done for Me Lately, anapomhoji mwanamume asiyetimiza wajibu wake, na katika wimbo wenye jina la albamu, unaofunguliwa kwa maneno ya kawaida yasiyoimbwa, ambamo anatangaza kwamba maisha yake sasa atayaongoza mwenyewe.

Lakini ukiisikiliza Control mfululizo unagundua jambo ambalo sifa zake nyingi zimelifunika. Kila anayezuia uhuru wa Janet katika albamu ile yuko nje yake. Ni baba, ni mume mzembe, ni wanaume wa barabarani. Dawa yake kwa hiyo ni nyepesi kuieleza: waondoe watu hao, nawe utakuwa huru. Kwa msichana wa miaka 19 aliyelelewa chini ya amri, hiyo ilikuwa kweli, tena kweli iliyowafaa wasichana wengi waliomsikiliza. Ila ilikuwa nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ilimchukua miaka 11 kuifikia.

Kampuni ilitaka Control ya pili. Kulikuwa na wazo la albamu itakayoeleza siri za familia ya Jackson, biashara ambayo ingeuza bila shaka yoyote. Janet alikataa, akaenda upande ambao wengi waliuona wa hatari: albamu kuhusu ubaguzi wa rangi, watu wasio na makazi, ujinga na silaha. Rhythm Nation 1814 ilitoka Septemba 1989, na namba katika jina lake ni mwaka yalipoandikwa mashairi ya wimbo wa taifa wa Marekani. Picha ya jalada ni nyeusi na nyeupe, video zake zimejaa sare nyeusi na wachezaji wanaosogea kwa nidhamu ya kijeshi. Wimbo Livin' in a World (They Didn't Make) ulitokana na mauaji ya watoto katika shule ya msingi mjini Stockton, California, Januari 1989. Ukilinganisha na Control unaona kilichobadilika: msemaji ameacha kudai haki yake peke yake, sasa anadai haki za wengine. Upande wa biashara, waliohofia walikosea. Ni albamu ya kwanza iliyotoa nyimbo saba zilizofika tano bora katika chati ya Billboard ya nyimbo, nne kati yake zikashika nafasi ya kwanza katika miaka mitatu tofauti, 1989, 1990 na 1991.

Lipo pingamizi ambalo msomaji makini ameshaanza kulifikiria. Jam na Lewis ndio waliopiga vyombo vingi na kutunga sehemu kubwa ya muziki huu. What Have You Done for Me Lately haukuandaliwa hata kwa ajili ya Janet. Walikuwa wameuweka kwa ajili ya albamu yao wenyewe, wakampa kwa sababu McClain alitaka wimbo mmoja zaidi. Basi kukua tunakokuona ni kwa nani, kwa mwimbaji au kwa wanaume wawili waliokaa nyuma ya mitambo? Pingamizi hili lina uzito, na anayelijibu kwa kumtetea Janet kama mtunzi wa kila kitu hasemi kweli. Jibu lililo bora liko kwa wasanii wengine waliofanya kazi na watu walewale. Jam na Lewis waliwatayarishia SOS Band, New Edition, Boyz II Men na kundi la Human League kutoka Uingereza, ambao wimbo wao Human ulishika nafasi ya kwanza Marekani mwaka huohuo wa 1986. Nyimbo nzuri zilipatikana kila mahali. Mfululizo wa albamu zinazosemeshana kwa karibu miaka 30 ulipatikana kwa msanii mmoja tu. Tena mikono yake ilizidi kuonekana kadiri miaka ilivyokwenda: Black Cat, wimbo wa roki ulio katika Rhythm Nation, aliuandika peke yake, na kufikia 1993 mashairi ya nyimbo zake yalikuwa yakitoka kwake.

Albamu ya 1993 iliitwa janet., kwa herufi ndogo na nukta mwishoni, bila jina la ukoo. Ilikuwa ya kwanza kwake chini ya kampuni ya Virgin, baada ya mkataba uliotajwa wakati ule kuwa miongoni mwa mikubwa kuliko yote duniani. Sare za kijeshi zimevuliwa. Mwimbaji anazungumzia mapenzi ya mwili kwa uwazi ambao wasikilizaji wa Nasty hawakuuzoea. Wako waliosema, na bado wako wanaosema, kwamba huko ni kushuka, siyo kukua: msichana aliyewakaripia wanaume wachafu leo anaimba mambo ya chumbani. Sioni kwamba albamu hizo mbili zinapingana. Katika Nasty alikuwa akikataa kuamuliwa na wengine kuhusu mwili wake, katika janet. anausema mwili huohuo kwa hiari yake. That's the Way Love Goes, uliokaa kileleni kwa wiki nane, ni wimbo wa mtu asiye na haraka wala hofu, sauti iko karibu na sikio na mdundo umelegezwa kwa makusudi. Hata hivyo naiona albamu hii kuwa na upungufu wake. Furaha yake ni kubwa mno kiasi kwamba haijiulizi swali lolote. Msichana aliyeambiwa ni mnene kabla ya miaka 12 hayumo humu, amefichwa nyuma ya picha nzuri.

Aliyefichwa alitoka Oktoba 1997, katika The Velvet Rope. Mwaka uliotangulia Virgin ilikuwa imempa mkataba mpya wa dola milioni 80, uliohesabiwa kuwa mkubwa kupita yote wakati huo. Kwa maneno mengine, mpango wa Control ulikuwa umetimia kuliko alivyoweza kuuota: baba hana mamlaka, kampuni inambembeleza, fedha zipo, jina limesimama. Na ni katika hali hiyo hasa ndipo alipozama katika huzuni iliyomzidi nguvu. Alieleza katika mahojiano ya wakati ule kwamba ilimwandama kwa muda mrefu, na kwamba kuna siku alishindwa kuendelea na kazi studioni akaondoka. Kamba ya mahameli iliyotajwa katika jina la albamu ni ile inayowekwa mlangoni mwa kumbi za starehe kuwatenga wageni maalumu na umati unaosubiri nje. Janet aliichukua akaiweka ndani ya mtu: kila mmoja wetu, alisema, ana kamba anayozuilia wengine wasimfikie, na kila mmoja ana hamu ya kuonekana wa thamani. Katika jalada ameinamisha kichwa, nywele nyekundu zimejaa picha nzima, uso hauonekani vizuri. Kwa mwimbaji ambaye uso wake ulikuwa miongoni mwa nyuso zilizojulikana zaidi duniani, jalada hilo ni kauli.

Ndani ya albamu hiyo kuna wimbo unaoitwa What About, na ningependa msomaji autafute hata kama hatasikiliza kingine chochote. Unaanza na gitaa laini. Mwanamume na mwanamke wanatembea ufukweni. Mwanamume anamwahidi mapenzi ya maisha yote. Msikilizaji anadhani amewekewa wimbo wa harusi. Ghafla vyombo vinalipuka, gitaa linakuwa la roki, na mwanamke anaanza kuorodhesha moyoni mwake yale yaliyotangulia ahadi: uongo, matusi, kipigo. Kisha sauti inashuka tena, ufukwe unarudi, mwanamume anaendelea kubembeleza kana kwamba hakuna kilichotokea. Wimbo unakwenda hivyo, upole na mlipuko, upole na mlipuko, na aliyewahi kuiona nyumba yenye ukatili kwa ndani ataitambua namna hiyo ya maisha mara moja. Linganisha na What Have You Done for Me Lately. Mwaka 1986 mwanamke alimwambia mwanamume mambo yake usoni, rafiki zake wakiwa kando, tena kwa vichekesho. Mwaka 1997 maneno mengi yamebaki moyoni, na nguvu yote ya wimbo inatokana na umbali kati ya anachokijua na anachoweza kukisema. Huyu wa pili si dhaifu kuliko wa kwanza. Anasema jambo ambalo wa kwanza hakulijua: kwamba mtu anaweza kuwa na ujasiri barabarani na asiwe nao nyumbani kwake.

Vipande vifupi vya maongezi kati ya wimbo na wimbo vinabeba hoja hiyohiyo. Katika Control maneno ya utangulizi yalikuwa tangazo; katika The Velvet Rope ni minong'ono. Anayezuia uhuru sasa anaishi ndani. Hakuna wa kumfukuza kazi, hakuna wa kumkaripia mbele ya hoteli. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya kweli iliyokosekana mwaka 1986, na aliyeileta ni mtu yuleyule aliyekuwa amenufaika zaidi kuliko wote kwa nusu ya kwanza. Wala si albamu ya kilio kitupu. Together Again, wimbo wa kuwakumbuka rafiki waliofariki kwa UKIMWI, una mdundo wa kuchezeka, na katika ukumbi wa dansi mtu anaweza kuucheza mpaka mwisho kabla hajatambua kwamba amecheza matanga. Video ya Got 'til It's Gone, iliyoongozwa na Mark Romanek na kushinda tuzo ya Grammy, inaonyesha sherehe ya watu weusi katika Afrika Kusini ya enzi za ubaguzi, na chupa inarushwa kuvunjikia kwenye kibao cha kutenganisha rangi. Janet amekaa humo miongoni mwa watu wengine, bila sare na bila jeshi la wachezaji nyuma yake. Siasa ya Rhythm Nation imebaki, ila amri imeondoka.

Atakayesema kwamba huzuni nayo ni bidhaa, kwamba maungamo ya nyota huuzwa kama sabuni, anayo haki ya kushuku. Lakini hesabu zinamkatalia. The Velvet Rope ilithibitishwa kuuza nakala milioni 3 Marekani, wakati janet. iliyoitangulia ilifikia milioni 6. Kampuni iliyotoa dola milioni 80 isingechagua njia hiyo kama uamuzi ungekuwa wake. Alipokuwa na nguvu kubwa kuliko wakati wowote wa kuuza furaha, Janet aliuza shaka, na akalipia kwa nusu ya soko lake.

Pingamizi gumu kuliko yote linatokana na maisha yake halisi. Mwaka 1991 Janet aliolewa na René Elizondo kwa siri, na ulimwengu haukujua mpaka mwaka 2000 mume alipofungua shauri la talaka. Maana yake ni kwamba janet., albamu iliyosifiwa kwa uwazi, na The Velvet Rope, iliyosifiwa kwa ukweli, zote zilitolewa na mwanamke aliyewaambia waandishi wa habari kwamba hajaolewa. Tena Elizondo ni miongoni mwa waliotajwa kuandika nyimbo za albamu ya 1997. Je, tunaweza kuamini kwamba albamu zinaonyesha ukuaji wa mtu aliyeficha jambo kubwa namna hiyo? Nadhani kosa liko katika kuisoma albamu kama shajara. Nyimbo hazidai kututajia kila kilichotokea, na msanii hana deni la kutupa cheti chake cha ndoa. Kinachobaki katika nyimbo ni namna anavyofikiri: nani anamlaumu, anajiuliza nini, anaweza kustahimili kusema nini juu ya nafsi yake. Kwa upande huo siri ya ndoa haiiharibu The Velvet Rope, bali inaizidishia maana. Albamu inayohusu kamba ambazo watu hujifungia kwazo iliandikwa na mtu aliyekuwa amejifungia kwa kamba hiyo wakati akiiandika. Aliujua ugonjwa kwa sababu ulikuwa bado haujapona.

Kipimo chenye maana lazima kiweze pia kumkosoa mtu tunayemsifu, na hiki kinamkosoa. Baada ya All for You ya 2001, albamu ya baada ya talaka yenye furaha nyingi na hasira kidogo, ikafuata miaka ambayo ukuaji haukuonekana. Sehemu ya lawama si yake. Tarehe 1 Februari 2004, katika onyesho la mapumziko ya Super Bowl mjini Houston, Justin Timberlake alimvua sehemu ya vazi mbele ya mamilioni ya watazamaji, na adhabu ya jamii ikamwangukia mwanamke kuliko mwanamume. Wiki moja baadaye Timberlake alikuwepo kwenye tuzo za Grammy, Janet hakuwepo. Faini ya dola 550,000 iliyotozwa kituo cha CBS ilitenguliwa na mahakama baadaye, ila jina la Janet halikurudishiwa kirahisi hivyo. Hata hivyo si kila kitu kinaweza kuwekwa juu ya tukio lile. Mwaka 2006 alitoa 20 Y.O., iliyopewa jina kuadhimisha miaka 20 tangu Control. Hapo alikuwa na nafasi ileile ya kurudi kwenye ushindi wake na kuuhoji. Katika utangulizi anaeleza kwamba amekwisha kuyazungumza mambo mazito kwa miaka mingi na sasa anataka mambo mepesi. Alistahili kupumzika, na hakuna anayemkatalia. Lakini alirudi kusherehekea tu, na albamu ikawa nyepesi kama alivyoahidi. Discipline ya 2008, aliyoifanya bila Jam na Lewis, haikuwa na la kuongeza.

Kaka yake Michael alifariki Juni 2009, na tangu Discipline Janet akakaa miaka saba bila albamu. Unbreakable ilitoka Oktoba 2015 chini ya lebo yake mwenyewe aliyoiita Rhythm Nation, pamoja na Jam na Lewis tena, ikashika nafasi ya kwanza akiwa na miaka 49. Humo kuna Broken Hearts Heal, wimbo wa kumkumbuka Michael usio na sauti ya mazishi. Ila wimbo ninaouona kuwa kilele cha safari nzima ni Shoulda Known Better. Ndani yake anaitaja Rhythm Nation kwa jina na kukiri kwamba ile ndoto ya kuibadili dunia haikutosha. Dunia iliimba naye, ikacheza naye, kisha ikabaki na wenye njaa na wenye shida walewale. Inahitaji moyo kuisema kauli hiyo juu ya albamu iliyokupa nyimbo nne za nafasi ya kwanza, albamu ambayo watu wengi wanaihesabu kuwa kazi yako kubwa kuliko zote, tena ukiwa umeipa lebo yako jina lake. Wala Janet haitupi ndoto ile. Anasema kwamba wakati mwingine atajua zaidi, yaani bado anakusudia kujaribu. Kijana wa 1989 aliamini kwamba mdundo ungeweza kuvunja mipaka ya rangi. Mwanamke wa 2015 anajua bei ya imani hiyo na bado hajaiacha, na tofauti kati yao haikuletwa na mavazi wala kashfa.

Mwezi Machi 2019 Janet Jackson aliingizwa katika jumba la heshima la wanamuziki wa Rock and Roll, miaka mingi baada ya kustahili. Magazeti ya siku ile yaliorodhesha mauzo, tuzo na hatua za dansi, na machache tu yalitaja mazungumzo marefu yaliyopo kati ya albamu moja na nyingine. Msomaji anayetaka kuyasikia hahitaji kununua vitu vingi. Asikilize Control yote kwa mpangilio wake, kisha The Velvet Rope bila kuruka vipande vya maongezi, na siku nyingine aifuatishe Rhythm Nation 1814 na Shoulda Known Better. Yote haya yanapatikana kwenye simu, na hayatamgharimu zaidi ya jioni mbili.